Kuburuta kwa mausi au kuandika kodi mwenyewe? Kwanza niambie bei atabadilisha nani

Nikikaa na vijana wanaojifunza kutengeneza websaiti hapa Dodoma swali halikosi: bro, niburute tu kwa mausi au niandike kodi mwenyewe (sio ya TRA, ile ya HTML, lugha ya kuandikia peji za websaiti)? Jibu langu huwa linawaudhi, maana nawauliza kwanza bei za mteja atakuwa anazibadilisha nani.

Kuna mama anauza mvinyo na zabibu kavu, kijana fulani alimtengenezea peji, kwenye laptop nzuri kwelikweli, shida mteja akiingia kwa simu batani ya kuagiza haipo. Haipo kabisa. Nafungua kodi nakuta: position: absolute, left: 412px. Yaani kijana kaishika batani kaiburuta kaiachia pale alipoona panapendeza, na edita, ile programu ya kuburutia, nayo ikatii, ikaandika kaa pikseli 412 kutoka kushoto, sasa simu nyingi za Android kwa hesabu ya brauza upana wake ni kama 360 hivi, kwa hiyo mteja yuko Majengo batani iko Chamwino huko. Nikafuta mstari huo, batani ikarudi.

Edita haina kosa. Ila kama huwezi kusoma ilichokuandikia, ikivurunda utabaki unaburuta tu mpaka asubuhi. Ndo maana nasema piga HTML na CSS (ile ya kupanga muonekano) kwanza hata wiki tatu, programu za kuandikia zipo, Notepad++ bure, VS Code bure, halafu ndo uingie WordPress na Elementor zako za kujengea websaiti bila kuandika kodi.

Kuandika kwa mkono nako kuna adhabu yake. Gesti moja ya Area C niliwaandikia peji nyepesi, haili bando la mtu. Basi wakibadilisha bei tu simu inaita: "Kaka, chumba cha feni sasa elfu ishirini na tano." Mara niko kwenye basi Kibaigwa, mara niko msibani. Nikachoka, nikawahamishia WordPress, peji ikawa nzito, kichwa cha peji ambacho kwangu kilikuwa h1 moja (tagi ya kichwa kikuu) sasa kimevalishwa div nne (maboksi ya HTML) kama mgonjwa wa baridi, roho iliniuma jamani, lakini dada wa mapokezi bei anabadilisha mwenyewe. Juzi kaweka na picha ya supu. Imelala ubavu, ila kaweka.