Anthropolojia shirikishi ya picha ni nini?

Anthropolojia ni elimu ya namna watu wanavyoishi na wanavyoyaelewa maisha yao. Kwa muda mrefu mtafiti alifika kijijini na kamera yake, akawapiga watu picha, kisha akarudi kwao kuandika kitabu. Katika anthropolojia shirikishi ya picha, anayechora au kupiga picha ni mwenyeji, naye ndiye anayeieleza. Mtafiti anatazama, anauliza, anasikiliza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulifanyika kwa Kiswahili, kile cha Katanga, kusini mwa Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Mwaka 1973 na 1974 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi, alizoeana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Tshibumba aliuza picha za kutundika sebuleni, zile ambazo watu wa huko waliziita ukumbusho, lakini mwenyewe alijihesabu mwanahistoria. Akamchorea Fabian historia ya nchi nzima, picha zipatazo 100, toka enzi za mababu hadi Mobutu, rais wa wakati huo. Kila alipoleta fungu la picha walikaa chini, kinasa sauti kikawashwa, akazieleza moja moja.

Chukua ile ya kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Amelala chini, Mpolo na Okito, wenzake waliouawa pamoja naye, wako karibu, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Damu inamtoka ubavuni, inatiririka na kuandika neno "unité", yaani umoja, juu ya ardhi. Mgeni angeiona picha ya siasa, akapita. Tshibumba alieleza kwamba kwa maoni yake Lumumba ndiye Bwana Yesu wa Zaire, aliyekufa kwa ajili ya umoja. Bila maelezo hayo tungebaki na rangi tu. Na bila picha, sidhani kama mtafiti angejua hata aulize nini.

Kazi ya kuisaidia jamii inaingia pale picha inapotumika kubadili jambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Yunnan nchini China, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake 62 wa vijijini. Mbinu hiyo sasa inaitwa fotovoisi. Picha mojawapo inamwonyesha mama akipalilia mahindi, na mtoto wake mchanga amelala peke yake. Wanawake walizijadili picha zao kwa pamoja, kisha zikafikishwa kwa viongozi, na haja ya mahali pa kuwaacha watoto wakati wa kazi ikawa na ushahidi uliotoka kwa akina mama wenyewe.

Kwa hiyo si kila picha iliyochorwa na wenyeji, tuseme mchoro wa wanafunzi kwenye ukuta wa shule, ni anthropolojia. Ni jambo jema, lakini kama hakuna aliyewauliza kwa nini wamechora walichochora, utafiti haujaanza.

Na kuna suala la umiliki, ambalo mimi naliona zito kuliko la mbinu. Mkusanyo wa Fabian uko katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam, mbali na sebule za Lubumbashi. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mazungumzo yao lakini, Fabian aliyaweka kwenye intaneti katika Kiswahili kilekile kilichosemwa, na kijana wa Katanga anaweza kuyasoma leo bila kumwomba mtu ruhusa.