Kalori za kudumisha si zile za kabla ya dayati

Mtu amepunguza kilo 14, suruali zimelegea, kitambi kimekwisha. Ukimuuliza anakulaje siku hizi, anajibu: "Dayati nimemaliza, sasa nadumisha." Itazame sahani yake. Mara nyingi utakuta amerudi kupakua kama zamani, au bado anajinyima vilevile kwa kuogopa kunenepa. Wa kwanza anaongezeka, wa pili anazidi kupungua, na wote wanasema wanadumisha.

Kalori za kudumisha ni kiasi cha chakula ambacho ukikila siku hadi siku, wastani wa uzito wako haupandi wala haushuki. Maana yake imeishia hapo. Kosa linaanzia pale mtu anapodhani kiasi hicho ni namba yake ya kuzaliwa, kwamba kama zamani alikula kalori 2,750 bila kunenepa, basi akimaliza dayati anazirudia zilezile. Kiasi hicho kilikuwa cha mwili wa kilo 88. Mwili huo haupo tena.

Mwili wa kilo 74 ni mdogo, na gharama zake ni ndogo. Kila kilo iliyoondoka huondoka na takriban kalori 20 hadi 25 za matumizi ya siku, kwa sababu hakuna tena wa kuilisha wala kuibeba ngazini. Kwa kilo 14, hizo ni kama kalori 300. Juu yake kuna punguzo jingine ambalo ukubwa wa mwili peke yake haulielezi. Leibel, Rosenbaum na Hirsch walilionyesha mwaka 1995 huko New York: waliopunguza asilimia 10 ya uzito walitumia nishati chache kuliko ilivyotarajiwa kwa miili yao mipya. Homoni ya leptini, inayotengenezwa na mafuta ya mwili, hushuka, njaa hupanda, misuli hufanya kazi ileile kwa nishati kidogo, na mtu hupunguza mijongeo midogo bila kujijua: anakaa zaidi, anasimama kidogo, hatikisi hata mguu. Kwa mtu wa kawaida punguzo hili la ziada huwa kalori 50 hadi 150 kwa siku, na kwa waliopunguza uzito mwingi mno kwa kasi kubwa huzidi hapo.

Hapo ndipo wengi husema "umetaboli wangu umeharibika", yaani namna mwili unavyotumia nishati. Haukuharibika. Mwili umefanya kazi yake ya kujilinda na njaa, na sehemu kubwa ya punguzo ni hesabu ya wepesi tu. Anayeamini kuna kitu kimeharibika hutafuta dawa na chai za kukitengeneza, badala ya kutafuta namba yake mpya.

Namba hiyo usiitafute kwenye fomula ya intaneti, maana fomula hizo hukosea kwa mamia ya kalori bila shida. Unayo tayari kwenye daftari la dayati. Chukua wiki nne za mwisho, usichukue za mwanzo, kwa sababu za mwanzo zimejaa maji yaliyotoka. Tuseme katika siku hizo 28 ulikula wastani wa kalori 1,750 na wastani wa uzito ukashuka kilo 2. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo kilo 2 ni 15,400. Gawa kwa 28, unapata 550. Hizo ndizo ulizokuwa ukipungukiwa kila siku. Jumlisha na 1,750: kalori zako za kudumisha ni karibu 2,300. Anayerudia 2,750 za zamani anazidisha 450 kila siku, na kwa mwezi ziada hiyo inaweza kumrudishia zaidi ya kilo moja na nusu.

Namba hii ni ya chakula ulichokiandika. Kama kijiko cha mafuta ya kukaangia hukuwa ukikihesabu, endelea kutokukihesabu kwa namna ileile, la sivyo hesabu inavunjika.

Sasa 550 za kuongeza ni chakula gani? Kikombe cha wali uliopikwa ni kama 200, glasi ya maziwa 150, ndizi mbivu mbili 200. Imekwisha, na ni chache kuliko wengi wanavyotarajia baada ya miezi ya kujinyima. Mafuta ndiyo ya kuangaliwa: kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na mpishi mwenye mkono mwepesi humimina vitatu kwenye sufuria ya mchicha bila kufikiri. Protini usiiguse. Ibaki gramu 1.6 au zaidi kwa kila kilo ya uzito, yaani kama gramu 120 kwa mtu wa kilo 74, kwa sababu inashibisha na inalinda misuli. Kunyanyua vyuma nako usikuache. Unaweza kupunguza idadi ya seti hadi karibu theluthi ya zile zilizojenga misuli hiyo na bado ikabaki, mradi uzito unaonyanyua usipungue.

Ongeza chakula kwa hatua mbili, wiki ya kwanza 300, ya pili zilizobaki. Kuna mtindo wa kuongeza kalori 50 kila wiki kwa imani kwamba umetaboli "unafundishwa" kupanda. Piga hesabu: kufika 550 kwa mwendo huo ni wiki 11, na karibu zote unakula chini ya mahitaji yako. Umeongeza miezi miwili na nusu ya dayati na kuipa jina jingine.

Kinachowaangusha wengi zaidi ni mizani ya wiki ya kwanza. Ukiongeza wanga, misuli na ini hujaza tena akiba yao ya wanga, iitwayo glikojeni, ambayo ikijaa huwa kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na karibu gramu 3 za maji. Tumbo nalo lina chakula kingi kuliko jana, na chumvi imeongezeka. Uzito unapanda kilo moja hadi mbili ndani ya siku kumi, kisha unatulia. Mafuta hayajarudi. Pale unapotulia ndipo mwanzo halisi wa kudumisha, na ndipo unapoweka mpaka wako: kilo 2 juu ya hapo. Pima kila asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai, kisha linganisha wastani wa siku saba na wastani wa siku saba. Mwanamke alinganishe wiki ileile ya mzunguko wake, mwezi kwa mwezi, maana maji ya kabla ya hedhi huongeza uzito bila kosa lolote. Wastani ukivuka mpaka kwa wiki mbili mfululizo, punguza kalori 200 hadi 250 mpaka urudi. Siku moja ya pilau na biriani harusini, hata ukizidisha kalori 1,500, ni kama gramu 200 za mafuta, ingawa mizani ya kesho yake inaweza kuonyesha kilo mbili.

Wapo wanaosema hawatahesabu, watakimbia. Mazoezi yanasaidia sana kudumisha. Rejista ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa mwaka mzima au zaidi bila kuzirudisha, inaonyesha wengi wao hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku na hupima uzito angalau mara moja kwa wiki. Lakini usijihesabie kila kalori ya saa hiyo, kwa sababu mwili hufidia sehemu yake kwingineko. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hutembea mno kutafuta chakula, ila Herman Pontzer na wenzake walipowapima, matokeo yakatoka mwaka 2012, walikuta nishati wanayotumia kwa siku haitofautiani na ya watu wa Marekani na Ulaya wenye miili ya ukubwa uleule.

Tena kuna wembamba usiodumishwa kwa hesabu yoyote. Mwili wa mtunisha misuli siku ya jukwaani, wenye mishipa hadi tumboni, ni wa siku chache. Mwanamke anayekosa hedhi, mwanamume aliyepoteza hamu ya tendo la ndoa, mtu anayehisi baridi mchana na kuwaza chakula tangu alfajiri, hao hawajafika kwenye kudumisha hata kama mizani imesimama. Katika jaribio la Ancel Keys huko Minnesota, mwaka 1944 na 1945, vijana 36 walipunguziwa chakula kwa wiki 24 wakapoteza karibu robo ya uzito. Walipoachiwa kula watakavyo, njaa iliendelea hata matumbo yakiwa yamejaa, na mafuta yao yakapita kiwango cha mwanzo. Ukiwa na dalili hizo, panda kilo mbili au tatu kwa makusudi, kisha udumishe hapo.

Na ukimsikia mtu analalamika kwamba alianza kudumisha Jumatatu na kufika Jumamosi ameongezeka kilo moja na nusu, mweleze taratibu kwamba kilo moja na nusu ya mafuta ni kalori 11,550, yaani zaidi ya 2,300 za ziada kila siku kwa siku tano. Muulize kama alikula hizo. Kama hakuzila, asirudi kwenye dayati. Ale alichopanga, na wastani wake ausome baada ya wiki mbili.