Mazoezi ya mlipuko wa ugonjwa hospitalini: yale watu wanayodhani na vile ilivyo

Kila ikisemwa tufanye zoezi la kuigiza kumpokea mgonjwa wa mlipuko hospitalini hapa Lamu maneno ni yaleyale, mara vifaa hatuna, mara ni kupoteza wakati, na mimi nimechoka kuyasikia manake yanaumiza watu.

Dhana: lazima mpate doli la bei.

Ukweli: hapana. Madoli yako na yasaidia, lile Resusci Anne la kufundishia kumpulizia mtu pumzi lilitoka Norway tangu 1960, lakini kwa zoezi la mlipuko watosha na mtu mmoja alale kitandani akohoe, mwengine ashike saa na kalamu. La muhimu lifanywe wodini penyewe, kwa mitungi ya oksijeni ileile na kabati lilelile, sababu tunachokitafuta kiko mlemle.

Dhana: zoezi ni mtihani wa manesi, atakayeshindwa aaibike.

Hii ndo mbaya kuliko zote. Anayepimwa ni hospitali. Kuna zoezi moja nililoshuhudia, dada mmoja kalazwa aigize amebanwa na pumzi, tukaambiwa oksijeni ya damu imeshuka mpaka asilimia 78, nesi hakukawia hata kidogo, akauburura mtungi mpaka kitandani, akaweka mkono kwenye vali, akatafuta spana ya kufungulia... hakuna. Spana iko stoo, stoo imefungwa, ufunguo uko mfukoni kwa mtu aliyeshamaliza zamu akenda zake nyumbani. Nesi kasimama palepale, mkono kwenye mtungi uliojaa. Sasa niambieni kosa lake lipi? Angekuwa mgonjwa wa kweli yeye ndiye angeandikiwa barua ya kujieleza. Baada ya hapo kila mtungi ukafungiwa spana yake kwa mshipi wa kuvulia, kazi ya dakika chache tu.

Na hili si jambo geni. Wakati wa vita vya pili vya dunia marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakishatua wanakunja magurudumu badala ya vibawa, vile vipande vya nyuma ya mbawa, ndege inalala tumbo. Wakalaumiwa wao, mpaka mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaangalia akaona vishikio viwili vyafanana na viko karibu karibu. Dawa ikawa kubandika kigurudumu kidogo kwenye kishikio cha magurudumu na kitu chenye umbo la kibawa kwenye kile cha pili, mkono ujue bila jicho kutazama. Marubani hawakubadilishwa. Kwa hivyo ukiona chupa mbili za dawa zinazofanana zimewekwa trei moja usimwambie nesi awe makini, zitenganishe!

Dhana: ukishavaa gauni, glavu na maski vizuri umesalimika.

Ukweli: wengi hujipaka uchafu wakati wa kuvua, Ebola ya Afrika Magharibi 2014 ilitufunza hilo kwa uchungu. Joto la kaskazi, jasho laingia machoni, zamu imeisha, mtu ataka avue tu apumue. Jaribuni hivi, pakeni glavu losheni yenye rangi nyekundu ya chakula, mtu afanye kazi alafu avue, mtaona nyekundu shingoni na nyuma ya sikio na mwenyewe anaapa hakujigusa. Ndo mana lazima awepo mwenzake wa kumsomea hatua moja moja kwa sauti, hata kama amevua mara elfu.

Sauti nayo humezwa na maski, basi ukiambiwa dozi irudie, na yule aliyesema aikubali, na jina liandikwe kifuani kwa maka, sababu mkishavaa wote mwafanana.

Dhana: mlipuko ukija tutajifunza hukohuko.

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapakuwa na wakati wa kutafuta spana. Na huku kwetu safari ya mgonjwa haianzii wodini, yaanzia kwenye boti kutoka Faza au Kizingitini, aje ashuke gatini kwenye ngazi za utelezi, apitishwe vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hungoja. Zoezi lianzie hapo, na manahodha na wabebaji wawemo, nani abeba, apita njia gani, nani afungua mlango bila kugusa komeo kwa glavu chafu. Tena lifanywe usiku, maji yakiwa yamekupwa, zamu ina watu wawili tu, manake wagonjwa hawangoji asubuhi.