Daktari Amekataa Kukuandikia Dawa Uliyoitaka: Je, Ulalamike?

Kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa hapa Kenya, kama ule wa mpox mwaka 2024, barua za malalamiko dhidi ya madaktari huanza kumiminika kwetu, kwenye baraza linalosimamia madaktari. Nyingi ni za aina moja: mgonjwa alikwenda na jina la dawa kichwani, akatoka bila dawa hiyo.

Barua moja ya wakati wa Covid ilitoka kwa mtu aliyekuwa na homa na kikohozi. Alimwonyesha daktari ujumbe wa WhatsApp wenye orodha ya dawa: azithromaisini, ivermektini, deksamethasoni, zinki. Daktari alimpima oksijeni kidoleni, ikasoma asilimia 97, kiwango cha kawaida, akamsikiliza kifua, akamwandikia panadol na kumwambia arudi haraka akianza kuhema. Barua inasema, "Alinipuuza." Hapana. Alimpima, akafikiri, akaamua. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea.

Tazama deksamethasoni peke yake. Juni 2020 watafiti wa jaribio la dawa liitwalo RECOVERY nchini Uingereza walitangaza kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wa Covid kwa takriban theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni bila mashine. Kwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuonekana faida yoyote, na huenda hata iliwadhuru. Ugonjwa ni uleule na dawa ni ileile, lakini jirani yako ikamwokoa na wewe ikakuumiza. Aliyekutumia ujumbe hajui oksijeni yako ni ngapi.

Wengine hulalamika kwamba madaktari "hubadilika-badilika." Marekani iliruhusu haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, itumike kwa dharura dhidi ya Covid Machi 2020, ikafuta ruhusa hiyo Juni mwaka huohuo baada ya majaribio kuonyesha haisaidii. Daktari wa kumwogopa ni yule ambaye angeendelea kuiandika.

Hata hivyo, uhuru wa daktari una mipaka. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamtaka aripoti magonjwa ya kuambukiza yaliyotajwa humo. Akiripoti, hajatoa siri yako, na kumfungulia mashtaka kwa hilo ni kupoteza muda wako na wetu.

Yako malalamiko halali, na tunayahitaji: daktari aliyekataa kukuhudumia kwa dharura, aliyekutibu bila ridhaa yako, aliyekuuzia tiba isiyothibitishwa, au anayefanya kazi bila leseni ya mwaka. Andika jina lako na anwani, jina la daktari, kituo, tarehe na kilichotokea, kisha utie sahihi na kuambatisha nakala za karatasi za matibabu. Daktari hupelekewa malalamiko ili ajibu kwa maandishi. Kamati hupitia faili, na ikiona kuna la kujibu, husikiliza pande zote mbili. Akipatikana na hatia anaweza kuonywa, kusimamishwa leseni au kufutwa kwenye daftari la madaktari. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama Kuu. Barua isiyo na sahihi hutuchelewesha sana, tafadhali.

Hatuwatetei madaktari kwa kuwa ni wenzetu, bali kwa kuwa tunajua hali wanayofanyia kazi. Disemba 2020 daktari mwenye umri wa miaka 28 alikufa kwa Covid hapa nchini, na chama cha madaktari kilisema hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi kadhaa wala hakuwa na bima ya afya. Mwezi huohuo madaktari waligoma. Mtu aliyechoka, asiye na vifaa vya kujikinga na anayetishiwa na ndugu wa mgonjwa, ni rahisi kumwandikia kila mtu anachotaka ili foleni iishe. Hilo linaniogopesha kuliko barua zote za "alininyima."

Ukibaki na shaka, Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa wa 2013 unakupa haki ya kupata maoni ya daktari wa pili. Na kabla hujaondoka kwa yule wa kwanza, muulize kwa nini amekataa. Ana wajibu wa kukueleza kwa lugha unayoielewa. Akikataa kukueleza, tuandikie. Lalamiko hilo tutalishughulikia.