Chumvi, Siki na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Blanketi la Viraka

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote miongoni mwa washonaji wa blanketi la viraka ni kwamba kitambaa kinachochuja rangi hutulia kikilowekwa katika maji ya chumvi au siki. Ukweli ni kwamba chumvi husaidia wakati pamba inapotiwa rangi, na siki ina kazi yake katika rangi za sufu na hariri, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoishikilia rangi ya ziada iliyobaki kwenye kitambaa cha pamba kilichokwisha kutoka kiwandani. Rangi hiyo haina budi kuondolewa mapema. Chukua kipande cha kitambaa chekundu au cha buluu iliyokolea, kiloweshe kwa maji ya moto, kikandamize juu ya kitambaa cheupe na ukiache mpaka kikauke. Cheupe kikiingia doa, kifue kile cha rangi peke yake kwa maji ya moto na sabuni, ukirudia hadi maji yatoke safi. Kikigoma hata baada ya mara nne au tano, kitafutie kazi nyingine.

Je, basi kila kitambaa lazima kifuliwe kabla ya kukatwa? La. Vitambaa vya pamba ambavyo vyote ni vipya hurudi, yaani hupungua, kwa kiasi kinachokaribiana, na vikunjo vidogo vinavyojitokeza baada ya kufua huwapendeza wengi, mimi nikiwemo. Kosa ni kuchanganya kilichofuliwa na kisichofuliwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba mshono ukizidi upana wake kwa milimita moja haina neno kwa kuwa pasi itasawazisha. Tufanye hesabu. Vipande 12 vilivyounganishwa kwa mstari vina mishono 11, na kila mshono ukizidi milimita 1 hula kitambaa cha pande zote mbili, yaani milimita 2. Mstari mzima unapungua milimita 22, ilhali mstari wa jirani wenye vipande vinne, kwa kosa lile lile, umepungua milimita 6 tu. Hapo ndipo mtu huanza kuvuta kitambaa na kuilaumu cherehani. Kabla ya kuanza, unganisha vipande vitatu vyenye upana wa inchi moja na nusu kwa mshono wa robo inchi, kisha uvipige pasi kwa kuishusha na kuiinua bila kuiburuta: cha katikati kikitoka pungufu ya inchi moja, mshono wako ni mpana mno.

Kuhusu ubunifu, husemwa kwamba blanketi zuri ni lile lenye mistari iliyonyooka na pande zinazolingana. Wanawake wa Gee's Bend, jimboni Alabama nchini Marekani, walishona nguo kuukuu za kazi kwa mistari inayopinda, na mwaka 2002 blanketi zao zilitundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York.

Aidha, anayedhani kwamba hana jicho la rangi kwa kawaida anahangaikia jambo lisilo kubwa, kwa sababu kinachoubeba mchoro hasa ni tofauti kati ya kilichokoza na kilichofifia. Panga viraka sakafuni, vipige picha isiyo na rangi kwa simu, na utazame: nyekundu na kijani zilizokuwa zikigombana zikionekana kijivu kimoja, mchoro wa nyota ulioukusudia utakuwa umetoweka.