Kubadili mfumo wa majiranukta za nukta katika GIS (programu za kuchora na kuchambua ramani)

Nukta iliyopimwa katika mji wa Lamu inaweza kusomeka latitudo -2.2717, longitudo 40.9020. Nukta hiyo hiyo ikiandikwa kwa mita, katika UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita) kanda ya 37 Kusini, inakuwa takriban 711,500 kwa mashariki na 9,748,800 kwa kaskazini. Mahali ni pale pale. Kukokotoa namba za mfumo mmoja ziwe za mfumo mwingine ndiko kubadili mfumo wa majiranukta, yaani wa namba zinazotaja mahali.

Iko kazi nyingine ambayo watu huichanganya na hiyo: kuitajia programu ni mfumo gani namba zilizomo tayari zinautumia. Hapo hakikokotolewi kitu, inabandikwa lebo tu. Ukiibandika lebo ya UTM kwenye namba za digrii, programu itasadiki kuwa Lamu iko mita 40 na mita -2 katika gridi, na nukta zako zote zitarundikana karibu na Ncha ya Kusini. Kwa hiyo kwanza taja mfumo wa asili, kisha badilisha.

Tuseme una jedwali la visima vya matuta ya Shela, yanayoupa mji maji, na unataka eneo la hifadhi la mita 100 kuzunguka kila kisima. Geuza jedwali liwe tabaka la nukta, yaani nukta zinazoonekana pamoja juu ya ramani: X ni longitudo, Y ni latitudo. Taja EPSG:4326 (EPSG ni orodha ya namba za kutambulisha mifumo), ndio mfumo wa GPS, WGS 84 kwa digrii. Badilisha kwenda EPSG:32737, ambao ni UTM 37 Kusini ya WGS 84 na unatosha Lamu na Malindi zote mbili. Hapo ndipo uchore duara. Ukilichora kabla, 100 itasomwa kuwa digrii, na digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111. Ukihitaji faili la KML au GeoJSON (aina za faili za kubadilishana ramani) mwishoni, rudi 4326.

Angalia jambo moja linalopita kimya: kubadili mfumo hugusa umbo la nukta, si safu za jedwali. Safu zako za latitudo na longitudo zitabaki na namba za zamani hata baada ya tabaka kuwa la mita. Ukizihitaji mpya, zikokotoe kwenye safu nyingine kutoka kwenye umbo lenyewe.

Mahali nukta ilipoangukia hukwambia kosa ni lipi. Ikitua Hispania, mashariki ya Madrid, umegeuza X na Y. Ikitua Wajir karibu na mpaka wa Somalia, alama ya kutoa imedondoka kwenye latitudo. Ikiwa Ghuba ya Guinea, safu ilikuwa tupu ikasomwa sifuri. Ikiwa karibu na Ncha ya Kaskazini, umetaja kanda ya 37 Kaskazini badala ya Kusini. Ikisogea kilomita 12 hivi kaskazini, huenda mtu ameandika 2°16'18" kuwa 2.1618, dakika hugawanywa kwa 60 na sekunde kwa 3600, jibu ni 2.2717.

Kosa baya zaidi ni lile dogo, kwa sababu ramani inaonekana sawa. Ramani za zamani za Kenya za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki, na namba zake za UTM zinafanana mno na za WGS 84. Ukizipa lebo ya EPSG:32737 badala ya EPSG:21037, ambayo ni UTM 37 Kusini ya Arc 1960, kila nukta itakaa karibu mita 300 kaskazini na mita 100 magharibi ya mahali pake. Katika mji wenye vichochoro kama Lamu, hiyo ni nyumba ya mtu mwingine kabisa. Taja 21037, kisha badilisha. Programu ikikuuliza utumie njia ipi ya kuhamisha kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, chagua iliyokusudiwa Kenya na uitumie hiyo hiyo kwa matabaka yote ya mradi, maana njia mbili tofauti zinaweza kupishana kwa mita kadhaa. Halafu linganisha nukta moja unayoijua, mfano pembe ya Ngome ya Lamu, na picha ya setilaiti.