Roboti laini zinazogharimiwa na jeshi: yanayodhaniwa na yaliyopo

Mnamo Oktoba 2009 kampuni ya iRobot, inayojulikana zaidi kwa kifaa cha kusafisha sakafu kiitwacho Roomba, ilionyesha donge jeupe la silikoni lililokuwa likivimba upande mmoja na kunywea upande mwingine, kisha likajibiringisha polepole juu ya meza. Fedha za kazi hiyo zilitoka DARPA, wakala wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani unaogharimia utafiti wa muda mrefu, kupitia mpango ulioitwa ChemBots, ambao ulitaka roboti iweze kupenya kwenye uwazi mdogo kuliko mwili wake. Tangu wakati huo, kila picha za roboti laini, yaani mashine yenye mwili unaonyumbulika kama huo, zinapotoka, watu huitikia kwa kinyaa na kwa hofu. Kinyaa sina la kukijibu, kwa sababu hata mimi donge lile lilinisisimua mwili. Hofu ndiyo inayostahili kuchambuliwa, maana mara nyingi imeelekezwa pasipo na tatizo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba roboti hizi huyeyuka na kujiunda upya, mithili ya muuaji wa chuma cha majimaji aliyeonekana kwenye sinema ya Terminator 2 mwaka 1991. Donge la iRobot halikuyeyuka hata kidogo. Ngozi yake iligawanywa katika vifuko vilivyojazwa punje ndogo, na anayetaka kuelewa siri yake na aitazame pakiti ya kahawa ya unga iliyofungwa bila hewa: ni ngumu kama tofali, lakini ukiitoboa, hewa huingia na pakiti hulegea mkononi. Punje ni zile zile. Kilichobadilika ni nafasi ya kuteleza baina yake. Hewa iliponyonywa kutoka kwenye baadhi ya vifuko, vifuko hivyo vilikakamaa, na mwili ulipovimbishwa kutoka ndani, sehemu zilizobaki laini ndizo pekee zilizotanuka, na mtanuko huo ukalisukuma donge mbele. Mfano wa kahawa si wa kubuni tu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Cornell na iRobot walichapisha maelezo ya mkono wa roboti usio na vidole, yaani puto lililojazwa kahawa ya kusagwa, ambalo hukigandamiza kitu likiwa limelegea, hunyonywa hewa, kisha hukinyanyua.

Wapo watakaojibu kwamba mwaka 2023 dunia nzima iliona sanamu ndogo ya chuma ikiyeyuka ndani ya kizimba, ikatoka kati ya nondo na kusimama tena nje. Ni kweli iliyeyuka. Ilitengenezwa kwa galiamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi, yaani hata joto la kiganja linatosha, ikachanganywa na chembechembe za sumaku. Lakini joto lililoiyeyusha na nguvu iliyoivuta nje vilitoka kwenye sumaku zilizoendeshwa na watafiti, na kilichoirudishia umbo la mtu ni kalibu. Metali ile haikukumbuka umbo lake wala haikuamua kutoroka. Watazamaji waliona nia mahali palipokuwa na usumaku tu, na kosa hilo ni la kibinadamu kabisa, kwani kitu kinachosogea kama kiumbe hai huwa tunakipa roho kabla hatujakiuliza swali.

Dhana nyingine husema kuwa roboti laini haiwezi kuharibiwa. Hapa pana chembe ya ukweli. Roboti ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoelezwa mwaka 2014, yenye urefu wa sentimita 65, ilitembea kwenye theluji, ikapita juu ya miali ya moto na kunusurika kukanyagwa na gari. Mnyoo wa kutambaa uliotengenezwa na watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Harvard na Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul mwaka 2012, kwa fedha za DARPA, uliendelea na mwendo wake baada ya kupigwa nyundo. Hata hivyo, mwili unaostahimili nyundo unaweza kushindwa na kisu, kwa kuwa silikoni huchanika na kifuko kilichotoboka hakishiki hewa. Kizuizi kikubwa zaidi ni nishati. Roboti ya Harvard ya mwaka 2011, iliyojibanza na kupita chini ya kizuizi chembamba, ilikuwa imeunganishwa kwa mipira na chanzo cha hewa kilichobaki nje, na ile ya 2014 ilibidi iwe kubwa kiasi kile ili iweze kubeba betri na pampu zake. Kinachojificha chini ya mlango hakina budi kuacha pampu upande wa pili.

Kuhusu uvumi wa mwaka 2009 kwamba jeshi linatengeneza roboti ya kula maiti, yatosha kusema kwamba mashine iliyohusika, EATR, haikuwa laini, na kampuni zilizoisanifu zililazimika kutangaza kwamba ingechoma mimea tu ili kupata nishati.

Linabaki suala la fedha. Wengi huamini kwamba kilicholipiwa na jeshi lazima kiishie kuua, na wengine, kwa kukwepa hofu hiyo, hudai kwamba utafiti huu hauna uhusiano wowote na vita. Kauli zote mbili ni potofu. Vazi laini la kusaidia miguu lililoendelezwa Harvard kwa fedha za DARPA, kwa ajili ya askari wanaobeba mizigo mizito, lilizaa vazi la kuwasaidia waliopatwa na kiharusi kujifunza kutembea, ambalo liliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Lakini ChemBots ilianzishwa kwa shabaha ya wazi ya kupenyeza mashine mahali ambapo askari hafiki, na mashine inayopenya inaweza kubeba kamera au kitu kibaya zaidi. Anayeuliza itabeba nini na kwa amri ya nani ameuliza swali zito kuliko anayeuliza kama inayeyuka. Agizo namba 3000.09 la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, lililotolewa mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2023, huitambua silaha inayojiendesha kwa uwezo wake wa kuchagua shabaha na kuishambulia bila mtu kuingilia tena kati. Kwa kipimo hicho, donge la silikoni lisilochagua chochote halimo, na kombora gumu linalochagua limo.